Pasi ya Sindano Kwenye Darubini

Jumatatu, 3 Novemba

Sindano,

Darubini imefika! Masanduku kumi na moja. Nimeyahesabu mara tatu, maana karani wa mapokezi alisimama mlangoni na kalamu yake, akiomba nikosee. Sikukosea. Mtu aliyetunza stoo miaka kumi na tisa hakosei kuhesabu masanduku.

Kubwa mno. Kioo chake peke yake kimekuja katika sanduku la ukubwa wa meza yetu ya chakula. Ile ya zamani iliharibika mwaka aliomaliza shule binti yetu, na tangu hapo chini ya kuba wamekaa njiwa tu. Kila mwaka uliniuliza lini nitakuonyesha Zohali na pete yake. Kila mwaka nikajibu mwakani. Leo miezi tisa na siku nne tangu tukuzike. Huo mwakani umefika.

Fundi aliyekuja kuifunga ni mwanamke kijana. Mfupi, suruali ya mifuko mingi, kila mfuko na spana yake. Ananiita Baba. Karani anamwita Mheshimiwa Fundi na kumvutia kiti. Kazi bure! Fundi hakai.

Mchana ametueleza wafanyakazi wote jinsi kazi itakavyokwenda. Darubini ikishafungwa, unalegeza breki, unaisukuma kwa kidole kimoja, unaiacha. Ulipoiacha ndipo ibaki, iwe inatazama juu au pembeni. Ikilala upande mmoja, hata polepole, mota itaungua kwa kuivuta. Ndiyo maana hufungwa vyuma vya kuisawazisha: vikubwa nyuma, na kimoja kidogo mbele kabisa, cha kumalizia. Karani aliuliza swali refu ili aonekane ameelewa. Fundi akamwambia jibu ni hapana.

Hicho chuma kidogo nimekipokea mimi. Nimekipima kwenye mizani ya stoo. Kilo tatu na robo.

Nyumbani nimepika vikombe viwili vya mchele tena. Mkono haujazoea. Binti yetu amepiga simu, akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nilikuwa bado. Nikakaa natazama juu ya kabati. Ipo pale pasi yako ya mkaa. Nikaishusha. Nikaibeba mkono huu, nikaihamishia mkono ule.

Sindano! Mkono wangu unajua uzito. Kilo tatu na kitu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeipeleka pasi kazini ndani ya mfuko wa mkate. Nimeipima kabla Karani hajafika. Kilo tatu na robo kamili! Nikaipima tena. Kamili! Nilikaa juu ya gunia la chokaa dakika kumi, moyo unanidunda kama kijana anayekwenda kuposa.

Mpango ni huu. Chuma kidogo kipotee. Darubini ikose cha kumalizia. Mtunza stoo, kwa ukarimu wake, ajitolee kitu cha uzito uleule. Pasi ifungwe mbele ya darubini, pale mbele kabisa, karibu na nyota kuliko mtu yeyote wa mji huu. Hukuiona Zohali. Basi utakuwa unaikaribia kila jioni, wewe wa kwanza, kabla ya wakurugenzi wote.

Nimekificha chuma nyuma ya makopo ya rangi. Hakuna anayepaka rangi mwezi huu.

Fundi alikiulizia saa nne. Nikatafuta kwa bidii. Nilifungua hata sanduku la balbu. Nikatoka na uso wa msiba, ambao siku hizi naupata bila shida, nikamwambia huenda hakikupakiwa huko kilikotoka. Akasema kuagiza kingine ni wiki tatu, na ufunguzi ni Jumamosi hii. Nikakohoa. Nikasema nyumbani nina pasi ya marehemu mke wangu, chuma kizito, kimetulia, labda itafaa.

Karani alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema kesho nilete na sufuria, tumpikie mwezi uji. Akaniuliza kama nyota nazo zina mikunjo.

Fundi hakucheka. Aliuliza uzito wake. Nikamwambia. Akanitazama kidogo, maana nilijibu upesi mno. Kisha akasema darubini haijui tofauti ya pasi na chuma kingine, inajua uzito tu. Ailete Baba, akasema, tuone.

Nilikuwa nayo ndani ya mfuko wa mkate, mita mbili kutoka pale aliposimama! Nikaondoka, nikazunguka jengo mara moja kama mtu aliyekwenda nyumbani, nikarudi nikihema. Karani akasema leo mzee ana mbio.

Jumatano, 5 Novemba

Siku yako, Sindano.

Fundi aliigeuza pasi huku na huku. Akaisifia kile kijogoo cha kufungia kifuniko. Akauliza kama ndani mna kitu. Nikasema tupu, mwanangu, tupu kabisa.

Si tupu. Wewe unajua. Mna majivu na vipande vya makaa vya Alhamisi ile uliyoninyooshea shati la bluu. Ulisema mgongo unakuuma, utayamwaga kesho. Kesho ukalazwa. Mimi sijayamwaga. Ningeanzaje?

Nilifunga kifuniko kwa waya, mizunguko sita, nikasema ni kwa usalama. Fundi akaifunga pasi kwa vyuma viwili vya bapa na bolti nne kwenye ule mduara wa mbele. Darubini hii si bomba lililozibwa. Ni fito za chuma tu, wazi pande zote, kioo chini na mduara juu. Ukiinua macho unaiona pasi yako inaning'inia kama popo.

Alitoa na kifuniko cha kioo. Nikauliza kwa nini. Akasema huwezi kumpima mtu uzito akiwa na kofia, halafu akaivua, ukasema uzito ni uleule. Kinachosawazishwa ni darubini kama itakavyofanya kazi. Nikaipenda kauli hiyo.

Akalegeza breki. Akaweka kidole. Lile dude, zito kuliko gari dogo, likageuka kama mtu anayegeuka usingizini, likasimama. Fundi akapiga makofi mara moja. Akaniambia nijaribu. Niliweka kidole changu nami. Likanitii. Macho yakaniuma. Nikasema ni vumbi la njiwa.

Karani ameipa darubini jina: Dobi. Mkurugenzi amelisikia, amelipenda. Sijali. Leo nimelala mchana nusu saa kwenye gunia la chokaa na sikuota chochote.

Baadaye nikapita mapokezi kuchukua barua. Mlango wa Karani, ule unaojipiga kwa upepo, ulikuwa wazi na umetulia. Nikatazama chini.

Chuma changu! Kilo tatu na robo, kimezuia mlango!

Karani aliingia stoo nikiwa kwenye chai, eti kutafuta rangi ya kuandikia kibao cha ufunguzi. Ndiye mtu pekee anayepaka rangi mwezi huu. Nikamwomba kile chuma kwa upole. Akauliza ni cha nini. Nikashindwa kusema ni cha nini. Basi akasema kama hakina kazi stoo, kwake kina kazi, na nimwachie mlango wake apumue.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa.

Asubuhi darubini ilikuwa imelala pembeni, imetulia vizuri. Fundi akaielekeza juu. Ikatulia. Kisha, taratibu, ikaanza kuinama. Akasogeza chuma kikubwa nyuma sentimita moja. Ikatulia juu. Akairudisha pembeni. Ikainuka! Akakirudisha chuma. Pembeni sawa, juu vibaya. Akakisogeza. Juu sawa, pembeni vibaya.

Hivyo mpaka saa nane. Hakula. Alishuku nati. Alishuku sakafu. Alishuku upepo, akafunga dirisha la kuba tukaoka kama mikate. Alikaza kila bolti ya kioo. Akampigia simu mwalimu wake, akasimama uso ukutani, akawa anaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo, nimeangalia, ndiyo. Karani akaniambia kwa sauti ya kusikika kwamba ndiyo matokeo ya kuchanganya sayansi na mambo ya jikoni. Nikamwambia pasi si ya jikoni. Akasema basi ya chumbani, ndiyo mbaya zaidi.

Saa tisa nilikuwa nimeshika ngazi. Fundi akaiinamisha darubini kwa mara ya mia. Juu yangu nikasikia kitu. Kidogo sana. Kwachakwacha.

Makaa yako, Sindano. Darubini ikitazama juu, yanatelemkia kisiginoni mwa pasi. Ikilala, yanarudi puani. Uzito unahama kila saa. Hata angekuwa nani asingeweza kuisawazisha.

Sikusema. Fundi akanitazama, akauliza kama nimesikia kitu. Nikasema njiwa.

Akaenda msalani, akakaa sana. Aliporudi alikuwa ameosha uso. Nilijua alichokuwa akifanya kule ndani na bado sikusema. Ungekuwapo, usingeninyooshea shati kwa wiki nzima.

Ningesema, angeyamwaga. Ndiyo sababu.

Mara tatu leo Fundi amepita mlangoni kwa Karani. Mara ya pili nilikuwa nimekifunika chuma kwa kofia yangu. Mara ya tatu Karani alikuwa amenirudishia kofia.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi na mpango mpya. Mzuri sana. Sitamwaga kitu. Nitaijaza pasi vipande vya nguo kutoka kapu lako la kushonea, niyabane makaa yasicheze. Hakuna atakayejua. Fundi atakuja, atajaribu, itakaa, atafurahi, atakula.

Nikapanda ngazi. Darubini ilikuwa inatazama juu. Nikafungua waya, mizunguko sita. Nikainua kijogoo. Nilikuwa nimesahau jambo moja tu, kwamba kifuniko cha pasi kilikuwa kimetazama ndani. Kikafunguka chote. Majivu yote, makaa yote, Alhamisi nzima, yakashuka katikati ya zile fito. Hayakufanya kelele kubwa. Fyuu, halafu tik, tik, tik.

Kwenye kioo.

Nilishuka sijui vipi. Kioo kilichokuwa kinang'aa kama maji kilikuwa na rangi ya jiko. Nikavuta mkono wa shati ili nipanguse. Mlangoni ikatoka sauti, Baba, usiguse! Usiguse hata kidogo!

Nikasimama na mkono hewani. Fundi alisema majivu yana chembe ngumu, nikisugua mara moja tu kioo kimekwaruzika maisha yake yote. Akatazama juu. Akaiona pasi imefungua mdomo. Akanitazama mimi na vitambaa vyangu vya maua.

Nikasema. Nilisema ya majivu, ya shati la bluu, ya mgongo. Nikasema nilisikia kwachakwacha jana. Hapo ndipo alipokaa. Sakafuni! Siku zote hizi sikuwahi kumwona amekaa. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba jana alimwambia mwalimu wake hii kazi imemshinda, watafute mtu mwingine, na kwamba alilia chooni, na mimi nilikuwa nimeshika ngazi. Nikasema ndiyo, mwanangu, nilikuwa nimeshika ngazi.

Tumeosha kioo siku nzima. Kwanza alipuliza kwa kipira, pumzi ndogondogo. Kisha akaokota makaa moja moja kwa ncha za vidole. Kisha maji safi kutoka dumu, yakimiminwa tu, bila kugusa. Mwisho pamba mbichi, inaburutwa mara moja kwa uzito wake yenyewe, bila kukandamizwa, inatupwa. Nyingine. Mara moja, inatupwa. Mimi nilishika beseni. Mikono yake ilikwenda polepole, bila pupa. Nilifikiri, hivi ndivyo ulivyokuwa ukipiga pasi hariri za watu.

Hakuna mkwaruzo. Hata mmoja.

Akauliza maji ya beseni tuyafanyeje. Alisema tuyafanyeje, hakusema kamwage. Nikasema nitayashughulikia. Nikatoka nayo nyuma ya stoo. Maji ya kijivu, makaa saba yanaelea. Nilisimama nayo muda mrefu. Karani alipita na kibao chake cha rangi akaniuliza kama nasubiri samaki. Nikageuka. Ndipo alipoona uso wangu, akaondoka bila kusema lingine, na hilo kwa Karani ni jambo.

Sikujua niyamwage wapi. Kila mahali palionekana si mahali. Mwisho mikono ikachoka. Nikamwaga pale niliposimama.

Niliporudi nilimkuta Fundi stoo. Mbele yake, juu ya meza yangu, chuma kidogo. Alikwenda kwa Karani kuomba saini, upepo ukapiga, akainama kuusogeza mlango. Aliweka kidole juu ya namba ya darubini iliyogongwa kwenye chuma. Kisha akasema Baba, rudi na pasi nyumbani. Na ukale chakula, akasema. Umekonda.

Jumamosi, 8 Novemba

Ufunguzi. Watu mia mbili na kumi na nne. Niliwahesabu mlangoni, hakuna aliyeniagiza.

Darubini ilisawazika asubuhi kwa dakika ishirini. Chuma halisi mahali pake. Kidole kimoja, inakwenda. Unaiacha, inabaki. Kwa kweli inapendeza. Pale mbele pamebaki matundu manne ya bolti za pasi yako.

Fundi hakunisema kwa mtu. Alimwambia Mkurugenzi kuwa kile kifaa kilichokosekana kimepatikana ofisini kwa Karani. Mkurugenzi akaelewa alivyoelewa. Katika hotuba yake, mbele ya watu mia mbili na kumi na nne, akamshukuru Karani kwa juhudi zake za kukitafuta usiku na mchana! Watu wakapiga makofi. Karani akasimama, akainamisha kichwa, mkono kifuani. Ananiambia mpaka sasa hajui alifanya nini, lakini anahisi aliifanya vizuri.

Kiza kilipoanza kuingia wakajipanga. Mimi nilishika ngazi. Watoto wakipanda nikiwashika mgongoni. Kila mmoja alipanda anaongea na kushuka amenyamaza. Mstari ulipopungua Fundi akasema Baba, zamu yako. Nikasema mimi ni wa kushika ngazi. Akasema ngazi nitashika mimi.

Nikapanda. Nikafumba jicho moja kama alivyonielekeza.

Ipo, Sindano. Ndogo kuliko nilivyokuwa nikikueleza. Njano kidogo. Pete ipo kweli, haijagusa popote, imeizunguka tu. Imetulia kabisa. Hakuna sauti yoyote inayotoka kule.

Nikageuka nikuambie. Nyuma yangu alikuwapo mama mmoja na mtoto, wanasubiri zamu. Akaniuliza, inaonekana? Nikasema inaonekana.

Nikashuka.

Jumapili, 9 Novemba

Hakuna kazi. Nimefagia. Nimenyoosha shati la bluu kwa pasi ya umeme ya jirani. Limetoka na mikunjo mipya miwili. Shemeji, yaani mdogo wako, alipita, akakaa kidogo, akasema nyumba ni kimya. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akasema niwe naweka redio. Nikaiweka. Alipoondoka nikaizima.

Jumatatu, 10 Novemba

Fundi ameondoka asubuhi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema akirudi kukagua mwezi wa sita anataka kuniona nimenenepa. Akasema pia, mbele ya Karani, kwamba hajawahi kushikiwa beseni vizuri namna ile. Karani amekuwa akiniuliza beseni gani siku nzima. Simwambii. Na akome.

Lakini sikiliza. Kabla hajaingia garini alimwambia Mkurugenzi kwamba dirisha la kuba linajifunga kwa kishindo. Kamba yake inahitaji kitu kizito mwisho wake, kining'inie, kilishushe polepole. Kilo kumi na mbili hivi. Mkurugenzi akanigeukia, akasema mtu wa stoo atatafuta.

Nikasema nitatafuta!

Cherehani chako, Sindano, bila meza yake, ni kilo kumi na moja na robo. Nimekipima mara mbili. Kilichopungua nitakijazia kwa mkasi mkubwa na lile sanduku la vifungo. Na safari hii hamna majivu. Nimechungulia kote. Mna mafuta tu, na yanadondoka kidogo sana, na pale chini patakuwa na kiti cha wageni tu.

Stoo kuna chuma cha kilo kumi na mbili, kipya, kina na tundu la kamba. Nimeshakificha. Si nyuma ya makopo ya rangi, sina wazimu. Nimekiweka chini ya meza ya Karani mwenyewe, ndani ya boksi la karatasi, mahali ambapo hawezi kabisa kukiona.

Kesho nitakitafuta kwa bidii.

Basi, mke wangu. Mimi nipo. Nawe huko uliko, ukipata nafasi, nikumbuke.